Daraja la Sumaku, Kusini mwa Kilimanjaro

Afikaye Moshi hutazama kaskazini, na ndivyo inavyostahili. Huko ndiko Mwenyezi Mungu alikousimamisha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, Kibo na barafu yake, Mawenzi na vilele vyake vilivyochongoka. Lakini Desemba hii, Wachagga wanaporejea vihambani kwa Krismasi, nawasihi waupe mlima kisogo walau usiku mmoja. Mwezi ukiwa haupo, mnamo saa tatu, simama Kibosho au Machame mahali pasipo taa wala migomba ya kuziba macho, uangalie kusini, juu ya tambarare za Arusha Chini. Hapo chini angani utaona madoa mawili meupe, hafifu. Si mawingu ya mvua, maana upepo hauyasogezi. Ni galaksi mbili ziitwazo Mawingu ya Magellan. Wingu Kubwa, la kushoto, liko umbali wa miaka ya nuru kama 160,000; Wingu Dogo, la kulia, kama 200,000.

Kati yake jicho linaona giza tu. Kumbe mle gizani mmepita mkondo wa gesi wenye urefu wa miaka ya nuru 75,000, uliovutwa kutoka galaksi hizo zilipokaribiana. Unaitwa Daraja la Magellan. Mwaka 2017 wanasayansi walioongozwa na Jane Kaczmarek wa Chuo Kikuu cha Sydney, wakitumia darubini ya redio yenye sahani sita karibu na mji wa Narrabri, Australia, walitangaza kwamba daraja hilo lina sumaku.

Wameipimaje, na hakuna dira iliyowahi kufika huko? Hapa ndipo moyo unaponyenyekea. Mawimbi ya redio ni ndugu wa nuru. Funga kamba kwenye mgomba, shika ncha ya pili, uitikise juu na chini: wimbi litakwenda likipanda na kushuka. Itikise kushoto na kulia: litakwenda kwa ubavu. Galaksi nyingi za mbali hutuletea mawimbi yenye mtikisiko wa upande mmoja namna hiyo. Yakipita katika gesi yenye elektroni huru na sumaku, upande wa mtikisiko hugeuka kidogo kidogo. Wimbi refu hugeuka zaidi kuliko fupi: urefu ukizidi mara mbili, mgeuko huzidi mara nne. Basi mpimaji hupokea mawimbi ya urefu mbalimbali kutoka galaksi ileile na kuyalinganisha. Akishakadiria wingi wa elektroni njiani, anaijua nguvu ya sumaku yaliyoipitia, na kama inaelekea kwetu au inatupa mgongo.

Aliyegundua mgeuko huo ni Michael Faraday, London, mwaka 1845, alipopitisha nuru katika kioo kizito kilichowekwa kwenye sumaku. Alikuwa muumini aliyewahi kuwa mzee wa kanisa lake dogo, na alichunguza maumbile akijua kwamba anachunguza kazi ya Mungu.

Kaczmarek na wenzake walipokea mawimbi ya galaksi nyingi zilizo mbali nyuma ya daraja, wakayapima pamoja na yale yapitayo kando yake, ili kuondoa mgeuko unaoletwa na galaksi yetu wenyewe. Uliobaki ulikuwa wa daraja. Sumaku yake ni kama sehemu moja ya milioni ya sumaku ya dunia.

Nayo sumaku ya dunia imehifadhiwa katika mawe ya mlima wetu. Lava ya Shira, Mawenzi na Kibo ilipopoa, chembe za madini ya chuma ndani yake zilishika mwelekeo wa sumaku ya wakati ule. Sumaku hiyo husaidia pia kuikinga dunia na chembe kali zitokazo juani. Nguvu iliyo katika jiwe la mlimani ndiyo hiyohiyo iliyotandazwa baina ya galaksi. Sheria ni moja, na Mtunga sheria ni mmoja.

Mwaka 2019 ulitangazwa ukanda wa mawimbi ya redio unaounganisha makundi mawili ya galaksi, Abell 399 na Abell 401, yaliyoachana kwa miaka ya nuru kama milioni 10. Huko nako ipo sumaku. Je, ilikuwapo tangu ulimwengu ungali mchanga, au galaksi ziliimwaga baadaye? Swali hilo ni miongoni mwa yale ambayo mtambo wa darubini za redio uitwao SKA unajengwa kuyatafutia majibu, na sehemu yake iko katika bara letu, nyika ya Karoo, Afrika Kusini, ambako sahani 64 za darubini ya redio ya MeerKAT zilizinduliwa mwaka 2018.

Kijana wa Uru au Rombo anayesoma fizikia asidhani kwamba akishika hesabu ameiweka imani kando. Kumshukuru Muumba kwa kazi ambayo hatujajishughulisha kuitazama ni shukrani nusu. Na asome, apime, kisha atusimulie, ili tunaposema kazi za Mungu ni kuu tuwe tunajua tunasema nini.