Nani Ashike Hesabu ya Vijiti?

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Hawakutuambia kama kufaana huko kuna daftari. Swali langu ndilo hilo: kati ya ndugu, kuhesabu ni uungwana au ni tusi?

Sisi tunahesabu kuliko tunavyokiri. Kamati ya harusi ina orodha ya walioahidi na orodha ya waliolipa. Msibani kuna mtu ameketi pembeni na daftari la rambirambi. Lakini mtu mzima akisimama mbele za watu akamwambia mpwa wake, "Mimi ndiye niliyekusomesha," waliopo huinamisha macho. Hesabu ipo, ila kuitaja ni aibu. Nami nilikua nikiamini kwamba aibu hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Nasoma shahada ya uzamili Bilbao, kaskazini mwa Hispania, katika Nchi ya Wabaski, na hapa nimeona namna nyingine ya kuhesabu. Wabaski wana vitafunwa viitwavyo pintxo. Jina limetokana na neno la Kihispania lenye maana ya kuchoma kwa ncha, kwa kuwa vingi hushikizwa juu ya kipande cha mkate kwa kijiti kama kile cha kuchokonolea meno. Kimojawapo cha vile mashuhuri ni gilda: zeituni, dagaa wa chumvi na pilipili ya kijani ya siki katika kijiti kimoja. Jina lake ni la filamu ya mwaka 1946 aliyoigiza Rita Hayworth. Sahani hupangwa juu ya kaunta. Katika baadhi ya migahawa unajichukulia mwenyewe, unakula, na vijiti unaviacha kwenye sahani yako. Ukishiba, unasema umekula nini, vijiti vinahesabiwa, unalipa. Hakuna anayekufuata na kalamu.

Shangazi yangu na mumewe, tunayemwita Anko, wanaishi Hamburg. Anko anaendesha basi, shangazi anahudumia wazee. Wao ndio waliolipa ada yangu ya shahada ya kwanza na nauli ya kunileta huku. Walipokuja kunitembelea na mtoto wao wa miaka 11, niliwapeleka kula pintxo katika mji wa zamani. Sahani nyingi zilikuwa na nyama ya nguruwe, kwa hiyo niliwatembeza kwanza kwenye kaunta nikiwaonyesha vinavyotufaa: mayai yaliyokaangwa na viazi, kamba, gilda, na bacalao, yaani samaki mkavu wa chumvi aliyelowekwa. Shangazi alimnusa akacheka: "Kumbe ng'onda alifika Ulaya kabla yetu."

Katikati ya kula, binamu yangu akauliza, "Mama, tukivificha vijiti watajuaje?"

"Hawatajua," shangazi akamjibu. "Ndiyo maana tunaviacha."

Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anasimulia habari za mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane, na anauliza kama kuna mtu atakayebaki mwadilifu akiwa na pete kama hiyo. Nimesoma kurasa nyingi juu ya swali lile. Jibu la shangazi ni fupi kuliko zote, na mpaka leo sijaona la kuliongezea.

Tulipomaliza, Anko alihesabu vijiti: 23. Akanitazama huku akitabasamu. "Na vijiti vya huyu msomi wetu, tutavihesabu lini?"

Tulicheka, isipokuwa shangazi. Ulikuwa utani, lakini kila mtu mezani alijua ulikotoka. Usiku ule nilichelewa sana kupata usingizi.

Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi aliyezaliwa Córdoba, kusini mwa Hispania ya leo, aliandika kitabu kizima kuhusu fadhila. Kanuni yake ni kwamba aliyetoa asahau papo hapo, na aliyepokea asisahau kamwe. Kwa kanuni hiyo Anko ana kosa, nami nina haki ya kuumia. Nilitaka sana kuishia hapo. Kilichonizuia ni jambo moja: Seneca alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Roma. Mtu aliyetoa sehemu ndogo ya wingi wake anaweza kusahau bila taabu. Anko alitoa pesa za zamu za usiku. Kumtaka asahau ni kumtaka asahau usingizi wake mwenyewe. Tunaposema kutoa ni moyo, tusisahau kwamba moyo huo unakaa ndani ya mwili unaochoka.

Basi nilirudi kwenye vijiti. Nilichokuwa sijakizingatia ni kwamba hesabu ile inashikwa na mlaji. Vijiti vinakaa kwenye sahani yake, mbele yake, na mwisho yeye ndiye anayetamka. Mwenye mgahawa hahitaji kudai wala kusimamia, kwa sababu aliyekula hafichi. Tusi, nadhani, halimo katika kuhesabu. Limo katika kumwachia aliyetoa kazi ya kuhesabu, kwa kuwa aliyepokea amenyamaza na kuuita unyamavu wake heshima.

Kwenye simu yangu kuna orodha ya kila walichonitumia tangu mwaka 2017. Hakuna aliyewahi kuiona. Seneca huyohuyo anaonya kwamba mwenye pupa ya kurudisha fadhila ana moyo wa mdaiwa, si wa mwenye shukrani, na onyo hilo nalikubali. Orodha ya siri inaweza kuwa mpango wa kulipa yote siku moja na kuwa huru na watu wako. Ikitamkwa mbele yao inakuwa kitu kingine: ushahidi kwamba walionekana.

Wiki iliyofuata nilimwandikia Anko: "Mmenilipia mihula sita, kodi ya chumba miaka miwili, na tiketi ya ndege. Naijua kila moja na mwezi wake. Najua pia zilikuwa pesa za zamu za usiku. Ahsanteni." Sikuandika jumla, wala sikuahidi tarehe ya kulipa.

Alijibu baada ya siku mbili, kwa sauti: "Nimeisoma, mwanangu. Shangazi yako kaisoma mara mbili. Haya, lakini huko unakula?"

Utani wa vijiti hajaurudia. Deni langu halijapungua hata senti. Kilichopungua ni kazi yake ya kulikumbuka peke yake.