Je, Anayejikinga Amekosa Imani?



Kuna neno linalosemwa kati yetu, nalo lafaa kupimwa. Wengine husema: muuguzi anayevaa glavu na buti kabla ya kumgusa mgonjwa wa kolera anamwogopa ndugu yake, imani yake ni ndogo. Je, ni kweli?

Tutazame yaliyotokea. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, katika nchi yetu. Kati ya watu 315 waliougua, karibu 80 walikuwa watumishi wa afya. Walihudumia wagonjwa bila kinga ya kutosha. Glavu, barakoa na magauni vilipofika, na watu wakafundishwa kuvitumia, maambukizi kati yao karibu yakakoma. Watumishi walikuwa wale wale, na upendo ule ule. Kilichobadilika ni kinga.

Mwaka 2000 ugonjwa huo ulifika Gulu, Uganda. Daktari Matthew Lukwiya, mkuu wa hospitali ya Lacor, aliwafundisha wauguzi wake kujikinga. Usiku mmoja muuguzi aliyekuwa mgonjwa alizidiwa, akatokwa damu nyingi. Daktari akaamka, akakimbia kumsaidia. Alivaa barakoa, gauni na glavu, lakini macho hayakuwa na kinga. Wenzake waliamini kwamba hapo ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Nani kati yetu atathubutu kusema alikosa imani? Alijua hatari, akaenda. Lakini tuhesabu pia wagonjwa wa kesho yake na wa miaka iliyofuata, waliomhitaji wasimpate. Mkono wa mwokoaji si wa mgonjwa mmoja tu. Akiambukizwa, aweza kuwapelekea ugonjwa mke wake, watoto wake, na mgonjwa wa kitanda cha pili. Basi dakika ile ya kuvaa haikuibiwa kwa mgonjwa. Ni upendo kwa yule ambaye hajafika bado.

Tena, ndugu, deni hili si la muuguzi peke yake. Yule Msamaria mwema alipompeleka majeruhi katika nyumba ya wageni, hakumwambia mwenye nyumba, "Mtunze kwa imani yako." Alitoa fedha, akaahidi kulipa gharama itakayozidi. Sisi hapa kando ya Ziwa Tanganyika tunaijua kolera. Vijana wanaobeba wagonjwa na kufua mashuka yao tunawasifu kanisani, kisha tunawaacha na mikono mitupu. Kudai ushujaa wao huku tukiwanyima sabuni na klorini, hilo ndilo la kutubu.

Basi kila familia ilete kipande cha sabuni. Na muuguzi akisema, "Mama, ningoje nivae," tumngoje bila kunung'unika, huku tukiomba.

Bwana awalinde wanaotulinda. Amina.