Kifauongo na Swali la Nafsi

Kando ya vijia vya Unguja, Pemba na Tanga, kifauongo hakikosi wa kukichokoza. Kikiguswa tu, vijani vyake hujikunja jozi kwa jozi, kikonyo huinama, na kilichokuwa kibichi sasa hivi huonekana kimenyauka. Baada ya dakika kumi au zaidi, kinajikunjua. Asili yake ni Amerika ya tropiki. Carl Linnaeus alikiandika kwa jina la Mimosa pudica mwaka 1753. Ni cha jamii moja na kunde na mkwaju, chenye miiba midogo na maua ya duara ya rangi ya waridi, na mashambani huhesabiwa kuwa gugu.

Je, mmea huu unahisi?

Aristotle, ambaye hakuwahi kuuona, aliamini kwamba mimea ina nafsi, lakini nafsi ya kula, kukua na kuzaa tu. Hisi aliwaachia wanyama. Wajaini wa India waligawa kwa namna nyingine: kwao mmea ni kiumbe hai chenye hisi moja, nayo ni mguso. Ndiyo maana Wajaini wengi, wakiwemo wa jamii ya Oshwal iliyoota mizizi Nairobi na Mombasa, hawali viazi wala vitunguu, kwa kuwa kuving'oa ni kuua mmea mzima pamoja na wadudu wa udongoni. Kwa swali hili, kifauongo ni shahidi wao mzuri kuliko mmea mwingine wowote.

Lakini shahidi huyo anaeleza nini hasa? Penye shina la kila kijani na kila kikonyo pana uvimbe mdogo. Jani likiguswa, ishara ya umeme na ya kalsiamu husafiri ndani yake hadi kwenye uvimbe; seli za upande mmoja hupoteza maji, zinalegea, na jani linaanguka. Hapana msuli, hapana neva. Mwaka 2022 watafiti wa Japani walionyesha faida ya kujikunja: mimea iliyonyimwa uwezo wa kujikunja ililiwa na panzi karibu mara mbili zaidi ya mingine. Kujikunja kuna gharama pia, maana jani lililofungwa halipati mwanga wa kutosha kujitengenezea chakula.

Gharama hiyo ndiyo iliyozaa jaribio lililowagawa wanasayansi. Mwaka 2014 Monica Gagliano na wenzake waliangusha vyungu vya kifauongo kutoka kimo cha sentimita 15, mara kwa mara, bila kuidhuru mimea. Mwanzoni ilijikunja; baadaye ikaacha. Ilipotikiswa kwa namna nyingine, ilijikunja tena. Iliyokuzwa penye mwanga hafifu, ambako kila jani lililofungwa ni hasara kubwa zaidi, iliacha upesi kuliko mingine, na baada ya takriban mwezi mmoja wa kuachwa bado haikushtuliwa na anguko lile. Mwaka 2018 mtafiti Robert Biegler alipinga: ushahidi, alisema, hautoshi kuthibitisha kwamba mimea ilijifunza. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo, tuseme Gagliano amethibitishwa kabisa. Bado tungekuwa na kumbukumbu tu. Kuitikia, kukumbuka na kuumia ni mambo matatu, na la kwanza halithibitishi la tatu. Hata dawa ya usingizi haitufikishi mbali: Claude Bernard, Mfaransa wa karne ya 19, alikifukiza kifauongo kwa etha kikaacha kuitikia, kisha kikaamka. Kilichozimwa ni mwitikio. Kama palikuwa na mwenye kuzimwa, etha haisemi.

Kwa Mwislamu, Kurani katika sura ya 17, aya ya 44, inafundisha kwamba kila kitu humsabihi Mungu, ila binadamu hawaelewi namna yake. Aya hiyo haidai kwamba mmea unaumia, na kuilazimisha iseme hivyo ni kuionea. Inachofanya ni kuondoa sharti kwamba kiumbe apimwe kwanza maumivu ndipo apewe heshima. Riwaya zinaeleza kwamba Khalifa Abu Bakr, alipokuwa akilituma jeshi Shamu, aliagiza miti yenye matunda isikatwe. Agizo lile halikungoja mtu athibitishe kwamba mti unahisi shoka. Mkulima anayeng'oa kifauongo shambani ana sababu yake, na chakula ni sababu nzito. Anayeharibu kichaka kwa kupitisha wakati tu bado ana la kujibu, mmea uwe unahisi au usihisi.