Deni la Vumbi

Mchimba dhahabu wa Afrika Kusini akifa kwa kifua kikuu, huenda cheti kikataja ugonjwa huo tu, na hapo ndipo dhuluma hujificha. Vumbi la silika huharibu mapafu, VVU hudhoofisha kinga, na viwili hivyo vikikutana mwilini hatari ya kifua kikuu haijumlishwi, huzidishwa. Nyuma yake upo mfumo wa kazi uliowatoa wanaume Lesotho na Msumbiji, ukawalaza mabwenini miezi mingi mbali na wake zao. Merrill Singer, mwanaanthropolojia wa Marekani, tangu miaka ya 1990 ametaka magonjwa yanayochocheana yatazamwe pamoja na mazingira yanayoyakutanisha. Kwangu hilo ni suala la haki kabla ya kuwa la tiba.

Wapo wasemao kila mtu abebe dhamana ya mwili wake, na fedha haba zielekezwe kwenye ugonjwa mmoja unaotibika. Dawa itolewe, naam. Lakini aliyepona akirudishwa kwenye vumbi lile lile yumo hatarini kuugua tena, wala si yeye aliyelitimua. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha fidia kwa wachimbaji wenye silikosisi (ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi hilo la silika) na kifua kikuu. Ni haki yao, ila imekuja mapafu yameshaharibika; wajibu wa kulidhibiti vumbi na kuziacha familia ziishi pamoja ulikuwapo tangu siku ya kwanza.