Karatasi za Reli ya Bububu

Vitu vikubwa havikosi watunzaji. Jumba la mfalme, mkataba wa madola mawili, upanga wa shujaa, vyote hupata mlinzi, kwa kuwa heshima ya mlinzi hukua kwa heshima ya kile anachokilinda. Vitu vidogo hali yao ni nyingine. Chombo kilichofanya kazi miaka michache kisha kikaachwa, ambacho hakikushinda vita wala hakikuanzisha dola, hubaki katika karatasi chache tu: tiketi, picha, ramani, pengine barua ya malalamiko. Watu wa kuzikusanya karatasi hizo wapo katika kila nchi, na mara nyingi huchekwa. Swali linalostahili kuulizwa juu yao si kama wana akili timamu, bali kama wanachokikusanya ni chao.

Uingereza ina mfano mzuri wa mapenzi ya namna hii. Katika mji wa Bradford kampuni ya Jowett iliunda gari dogo la mbio, jina lake Jupiter, toka mwaka 1950 hata 1954, na idadi yake haikufika elfu moja. Gari hilo lilishinda katika daraja lake huko Le Mans miaka mitatu mfululizo, 1950, 1951 na 1952. Kisha kampuni ikaacha kuunda magari, na jina likafunikwa na majina makubwa zaidi. Hata hivyo wapo wanaotafuta vitabu vya mafundi wake, matangazo yake ya biashara na orodha za namba zake, kwa bidii ya mwanachuoni atafutaye mswada uliopotea. Mtu wa pwani huenda akaona huu ni upuuzi wa watu wenye nafasi. Asiharakishe. Unguja nayo ilikuwa na Jupiter yake, ila hii ilivuta mabehewa.

Mwaka 1905 gari la moshi lilianza kwenda na kurudi kati ya Ngome Kongwe na Bububu, masafa ya maili 7 hivi kaskazini mwa mji. Reli yake ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney na Wenzake, ya New York. Haikuwa ya kwanza kisiwani, kwani Sayyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, alikuwa amekwisha kutandika yake kwenda Chukwani. Reli ya Bububu ilinunuliwa na serikali mwaka 1911. Mwaka 1922 iliacha kuchukua abiria, ikabaki kubeba mawe ya kujengea bandari, na ilipokaribia miaka ya 1930 hata kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Barabara na magari ya petroli yaliirithi ingali hai.

Katika mabaki ya reli ile, yatafutwayo zaidi ni kadi za posta. Baadhi yake huonyesha gari likipita katika mtaa mwembamba, kuta za nyumba zikiwa karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono. Thamani ya kadi kama hiyo hutoka wapi? Si katika uzuri wake, maana zipo kadi nzuri kuliko hiyo ambazo bei yake ni ndogo. Hutoka katika kupotea kwa nyenzake. Kila kadi iliyoliwa na mchwa na kila picha iliyotupwa jalalani imemtajirisha kidogo yule aliyebaki na moja. Hapa ndipo tabia ya mkusanyaji hupimwa. Akisikia kwamba nakala ya pili imeonekana katika sanduku la bibi mmoja huko Malindi, hufurahi au huhuzunika? Mwenye kufurahi anaipenda reli. Mwenye kuhuzunika anapenda upweke wa mali yake, na reli kwake ni kisingizio tu.

Lugha ya pwani ina maneno mawili yanayofaa kuamua jambo hili: milki na amana. Milki ni kitu ambacho mtu hufanya nacho apendavyo. Amana ni kitu kilicho mkononi mwake kwa ajili ya mwingine. Mji Mkongwe unaijua vizuri tofauti hiyo, kwa kuwa nyumba zake nyingi ni za wakfu: watu hukaa ndani yake, huzikarabati, hunufaika nazo, lakini asili yake haiuzwi. Mkusanyaji atajibu kwamba yeye hakukabidhiwa kitu na mtu. Alilipa fedha, na muuzaji aliridhika. Jibu hili ni la haki, lakini nusu yake. Alichokinunua ni karatasi na wino. Habari iliyomo ndani yake haikuwa mali ya muuzaji, basi muuzaji hakuweza kuiuza. Kwa hiyo mtu aweza kuifungia kadi kabatini bila lawama, ila hawezi bila lawama kumnyima msomaji kuitazama.

Amana hii ina sharti jingine lililo gumu zaidi: kukubali karatasi iseme kinyume cha mapenzi ya mwenye nayo. Husimuliwa sana, hasa kwa wageni, kwamba Bububu iliitwa hivyo kwa mlio wa gari la moshi. Ni hadithi tamu, na mpenzi wa reli angependa iwe kweli, maana ingekuwa fahari ya chombo chake kukipa kijiji jina. Lakini Sayyida Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, anaitaja Bububu katika kitabu chake kilichochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Jina lilikuwapo miaka mingi kabla ya gari kupiga mlio wa kwanza. Ukurasa mmoja umeibomoa hadithi. Wala si haki baada ya hapo kuitupa, kwa sababu nayo ni ushahidi wa jambo lingine: kwamba watu walilisikia gari lile, na mlio wake ukawakaa masikioni hata wakaona jina la zamani lilikuwa likiungoja.

Masikio hayo hayakuacha karatasi. Reli ilikuwa na behewa la daraja la kwanza, lililotumiwa zaidi na abiria wa meli waliotia nanga kwa muda mfupi, na kadi za posta zilipigwa kwa ajili ya wanunuzi wa namna hiyo. Waliokaa kando ya njia, ambao moshi uliingia madirishani mwao na cheche zikarukia nguo zao, hawakuulizwa na mpiga picha. Sasa wote wamekufa. Mkusanyaji aliye mwaminifu huandika kando ya kadi yake kile ambacho kadi haionyeshi.

Lipo tena suala la mahali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa nyingi ziliondoka, na picha za Unguja zikaenda nazo Maskati, London na kwingineko. Kumwita mwizi mtu aliyechukua picha za babu yake ni ukatili. Kumtaka nakala, ikawekwe Nyaraka za Taifa huko Kilimani, ni ombi ambalo mungwana hawezi kulikataa. Wapo wasemao kila kitu asilia kirudi chini ya paa la serikali. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883 lililopata kuwa makumbusho, iliporomoka na kuua watu. Karatasi iliyo katika nyumba tatu ina maisha marefu kuliko iliyo katika nyumba moja, hata kama nyumba hiyo ni kasri.

Njia ya Bububu siku hizi ni ya daladala namba 502. Abiria humpa utingo nauli mkononi, hapewi tiketi, na hakuna anayeona kwamba amekosa kitu.