Mtoto Aliyeachishwa Ziwa na Uzushi wa Kubemenda

  

Usiku mmoja baada ya darasa, watu walipokwisha kuondoka, alibaki mtu mmoja akatuuliza suala ambalo tumeona si lake peke yake. Alisema: "Masheikh, mwanangu wa mwaka na nusu amevimba miguu na uso. Nywele zimekuwa nyekundu, zikiguswa zang'oka. Hachezi, hali. Wazee wamesema amebemendwa. Mamake nimempeleka kwao. Je, yanipasa kumwacha?" Tulimuuliza mtoto hula nini. Akasema ziwa aliachishwa mamake aliposhika mimba, na tangu siku hiyo hula uji wa mhogo, na mkate kwa chai ya mkandaa. Shingoni ana hirizi mbili.

Neno kubemenda si geni kwa msomaji wetu. Maana yake kwa watu ni kwamba mzazi, na takriban siku zote hutajwa mama, amekutana na mwanamume hali ya kuwa anyonyesha, akiwa ni mumewe au (na hili ndilo hunong'onwa zaidi) asiyekuwa mumewe, na tendo hilo likamdhuru mtoto. Tutalitazama neno hili kwa dini kwanza, kisha kwa elimu ya mwili.

Ama kwa dini, imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kwa Bibi Judama binti Wahb, kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alikusudia kukataza mume kumwingilia mkewe anyonyeshaye. Kisha akawakumbuka Warumi na Wafursi, kwamba wao hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, basi hakukataza. Izingatieni njia yake: alitazama hali za mataifa mengine, ambao si wa dini yake, akapima kwa yaliyothibiti kwao. Baada ya hayo, ni nani mzee wa mtaani aliyepata khabari zilizomfichikia Mtume? Na msemaji akikusudia kwamba mama amezini, basi hiyo ni qadhf, yaani kumsingizia mtu zinaa. Qur'ani imetaka mashahidi wanne, na asiyewaleta hupigwa mijeledi 80, na ushahidi wake haukubaliwi. Nywele nyekundu za mtoto mchanga si shahidi hata mmoja.

Ama kwa elimu ya mwili, ugonjwa huu wajulikana. Vitabu vya Kiswahili huuita unyafuzi, na madaktari huuita kwashiakoo. Jina hilo la pili ni la Waga, watu wa Accra katika nchi ya Ghana. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliyekuwa akiwatibu watoto huko, aliuandikia ugonjwa huu mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitangaza jina alilolisikia kwa wenyeji: ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake anapozaliwa mwenziwe. Waga walitazama ni wakati gani mtoto huugua, wakalitia hilo katika jina. Sisi tulitafuta wa kumlaumu.

Katika seli za mwili ziko molekuli kubwa: protini, na wanga, na mafuta, na ile DNA ihifadhiyo mpango wa umbo letu. Protini ni mnyororo wa vitu vidogo viitwavyo asidi amino, na aina zake ni 20. Wanetu chuoni hufunzwa herufi 28, na kwa hizo husoma Msahafu mzima. Kwa hizi 20 Mola ameandika nyama ya moyo, na ukucha, na nywele, na hemoglobini iliyo wekundu wa damu, ambayo peke yake ina asidi amino 574. Na mwanafunzi akisoma kalb mahali pa qalb, moyo umegeuka mbwa. Vivyo hivyo katika hemoglobini: ikibadilika asidi amino moja tu, ya sita katika mnyororo uitwao beta, na mtoto akairithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama, huwa ndiyo selimundu, maradhi yaliyo mengi pwani yetu, nayo pia husingiziwa majini.

Mtu alapo samaki, nyama ya samaki haiwi nyama yake hivi hivi. Tumbo huivunja protini herufi kwa herufi, damu ikazichukua, na kila seli ikaandika maneno yake yenyewe. Aina 9 mwili hauwezi kuzifanya. Hazina budi ziingie kwa mdomo. Wala hazina ghala, kama mafuta yalivyo na ghala. Zikikosekana, mwili huvunja nyama yake wenyewe. Mtu mzima aweza kuvumilia kwa muda, lakini mtoto ajengwaye kila siku hawezi.

Mtoto wa umri huo ahitaji kadiri ya gramu 13 za protini kwa siku. Gramu 100 za mhogo mbichi hazitoi hata gramu 2, na yai moja hutoa kama 6. Nafaka hupungukiwa na asidi amino iitwayo laisini, ambayo kunde, mbaazi na pojo zinayo kwa wingi. Nazo hizo hupungukiwa na methionini, ambayo nafaka inayo. Bibi zetu waliopakua wali kwa mbaazi za nazi walikamilisha herufi zote bila ya kuambiwa na mtu.

Lakini tusiidhulumu elimu. Wataalamu hawasemi tena kwamba upungufu wa protini peke yake ndio sababu. Yamo pia kuhara, na surua, na upungufu wa chakula kwa jumla. Uchunguzi wa mapacha wa Malawi, uliotangazwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa vijidudu vya tumboni vina sehemu yao, maana pacha mmoja huugua na mwenziwe akasalimika, na chakula ni kile kile. Na mama ni yule yule! Kama ni dhambi yake, mbona yule wa pili hakuvimba?

Kwa sababu hiyo mtoto aliyekwisha kuvimba asishindiliwe nyama nyumbani. Apelekwe hospitali siku ile ile. Huko huanzishwa kwa maziwa maalumu yenye protini kidogo, pamoja na dawa za vijidudu, kisha huongezwa kwa daraja. Kumlisha kwa wingi ghafla kwaweza kumuua.

Na nyinyi akina baba, samaki akiwa mmoja huwekwa mbele ya nani? Mtoto hupewa mchuzi, na mchuzi si samaki. Mtume amehesabu kuwapuuza walio katika ulezi wetu kuwa dhambi itoshayo kumwangamiza mtu. Ziwa nalo Mwenyezi Mungu amelitajia miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na mimba kwa mama mwenye afya si lazima imwachishe mtoto.

Yule mtu alimpeleka mwanawe alfajiri. Siku chache baadaye alitujia kwa hofu: uvimbe umeshuka na mtoto amekuwa mifupa mitupu. Tulimwambia huo ndio wembamba wake wa kweli, maji yalikuwa yameuficha. Sasa mtoto atembea. Mkewe alikubali kurudi kwa sharti moja, kwamba mzee aliyemtaja aje aseme mbele ya wale wale waliomsikia. Alikuja, akasema. Hirizi alizivua mama mwenyewe.