Stesheni isiyo na geti

Tafakuri ya Ramadhani: Siku ya 14



Kijana wetu mmoja yuko Berlin kimasomo. Kilichomshangaza tangu mwanzo ni stesheni za treni za chini ya ardhi: hazina geti. Pale Alexanderplatz unashuka ngazi, unagonga tiketi muhuri kwenye mashine, unasubiri treni. Kama huna tiketi, hakuna wa kukuzuia kupanda. Wakaguzi wapo, wengine wamevaa kiraia kama abiria, na ukikamatwa faini ni euro 60. Lakini unaweza kumaliza siku nyingi hujawaona. Sisi tumezoea vingine. Stesheni ya SGR pale Dar hufiki kwenye behewa bila tiketi kukaguliwa.

Juzi akanipigia, sauti ya chini. "Mjomba, leo nimefunga, halafu nimepanda treni bila tiketi. Hakuna aliyeniuliza. Funga yangu ipo kweli?"

Hukumu nimewaachia masheikh. Mimi swali lake lilinigusa kwingine.

Hebu fikiria udhu wa adhuhuri. Koo limekauka, maji yako mdomoni, unasukutua. Kumeza funda moja ni nusu sekunde tu, na msikiti mzima hakuna atakayejua. Unatema. Hukuwekewa geti kooni, na wala hujisifu.

Sasa wewe huyo huyo, saa kumi na moja jioni, uko kwenye kifodi cha Usa River. Kimejaa, watu wanawahi futari, konda amepitisha mkono wa nauli na wewe amekuruka. Unajua amekuruka. Unageukia dirishani, Mlima Meru umetoka mawinguni, na leo ghafla unauona mzuri sana! (Msidhani nawasema nyinyi. Mlima huo mimi mwenyewe nimeutazama wiki iliyopita.)

Kwa nini maji tunatema, nauli tunameza?

Nadhani tunaona maji ni ya Mwenyezi Mungu, nauli ni vijisenti vya watu. Kumbe hivyo vijisenti ndivyo vizito. Ukimkosea Mola wako ukatubu, rehema yake ni pana. Haki ya mja inamsubiri mja mwenyewe asamehe. Na yule konda jioni ana hesabu ya tajiri. Pengo lako linatoka kwenye posho yake, pengine ndiyo uji wa watoto wake.

Kuna atakayesema, ah, treni za Berlin ni mali ya umma, zina hela. Hapo ndipo pagumu zaidi. Konda ni mmoja, utamtafuta. Umma mzima utauomba radhi mlango kwa mlango?

Kijana nilimwambia anunue tiketi nyingine, asipande nayo, aichane. Amefanya. Anasema alijiona kama mjinga, kasimama anachana tiketi nzima huku watu wanampita.

Mimi nimekwenda stendi ya Kilombero jana na juzi. Kifodi nimekipata, konda amehamia gari jingine. Dereva alisema nimpe yeye atamfikishia, tukacheka wote. Leo baada ya alasiri narudi tena.

Futari njema inshaAllah.